Ijumaa Mbili za Mwasiti

"Toka, Mama Mwasiti, ama mulango navunja!"

Hapo ndipo tulipoachana wiki jana, wasomaji wangu. Kitako cha bunduki kimeinuliwa juu, mlango wa miti unatetemeka, na ndani ya nyumba mjane ametulia juu ya mkeka, nguo nyeupe mwilini, jina la Mola mdomoni.

Je, mlango ulivunjwa?

Wapi! Askari Athumani aliinua bunduki mara mbili, akaishusha mara mbili. Halafu akakohoa kama mtu aliyejikuta msikitini na viatu miguuni.

"Mama, sitaki kuvunja," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini iko amri."

"Isome basi, mwanangu."

"Mimi na kusoma wapi na wapi. Karani Radjabu alinisomea, nikaishika kichwani." Akasimama wima, akafumba macho. "Kila kisima cha mji wa Rumonge kiwe na mtunza wake. Mtunza aje mwenyewe, kwa miguu yake, mbele ya Akida, aandikwe kitabuni. Mwisho ni Ijumaa, tarehe kumi na nne ya mwezi wa sita. Kisima kisichoandikwa atapewa mtu mwingine."

"Na leo ni lini?"

Athumani akafumbua macho. "Leo ndiyo hiyo Ijumaa, Mama."

Kwa aliyeanza kusoma leo, nieleze mara moja tusonge. Enzi ile ya Mdachi, kisima cha maana katika mji mzima kilikuwa kimoja, hatua ishirini kutoka msikitini. Alikichimba marehemu Nasoro, mumewe Mwasiti, kwa mikono yake, baada ya mamba kumvuta mwanamke wa pili ziwani na mtungi wake. Nasoro alifariki siku ya Jumatano, adhana ya magharibi ikilia. Tangu saa hiyo Mwasiti akaingia eda, miezi minne na siku kumi, hatoki nje. Kila magharibi alitumbukiza kokwa moja ya chikichi ndani ya kibuyu, apate kujua amefika wapi.

Ijumaa hiyo asubuhi alizimwaga mkekani akazihesabu. Mia moja ishirini na saba. Ilibaki kokwa moja tu! Jua likizama, eda imekwisha.

Na jua likizama, Ijumaa nayo imekwisha.

Mnaona mtego ulivyotegwa? Akida Alimasi hakuiokota tarehe ile njiani. Alikaa na shemeji yake Feruzi, wakahesabu eda ya mwanamke wa watu kwa vidole, wakachagua. Feruzi alikuwa mkamuaji wa mawese, na kuchemsha mawese kunakula maji mapipa kwa mapipa. Akikipata kisima, atakizungushia ua na kutia kufuli. Wanawake warudi ziwani wakasalimiane na mamba.

"Toka tu, dada yangu!" Sauti ilitoka nyuma ya ua. Ni Zuwena, jirani yake, mwanamke ambaye hata akinong'ona mtu wa Minago, kijiji cha mbali, anasikia. "Mwalimu wa msikiti alisema kwa dharura mjane anaweza kutoka mchana, akarudi kulala kwake!"

"Alisema, ndiyo," Mwasiti akajibu. "Na Feruzi je, anasemaje?"

Zuwena akanyamaza. Lilikuwa jambo la ajabu, hata kuku walishangaa.

Maana Feruzi alikuwa amekwisha kuzunguka soko zima akisema: mjane akivunja eda, maji yake hayafai kutawadhia. Uongo mtupu, lakini uongo una miguu myepesi. Mwasiti akitoka, kisima kinatiwa najisi kwa midomo ya watu. Asipotoka, kinakwenda kwa kalamu ya Akida.

"Nimeagizwa nikae hapa mulangoni mupaka utoke," Athumani alisema. "Nitakaa. Sina ugomvi na wewe, Mama."

"Umekula?"

Tumbo la Athumani likajibu badala yake.

Mlango ulifunguka kiasi cha mkono. Ikatoka sahani ya muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani. Athumani akaweka bunduki chini, akala kwa adabu kwanza, halafu kwa haraka.

"Murakoze, Mama. Mungu akulipe. Kazi ya serikali ni taabu, nakuambia. Mutu wa Minago ana mutumbwi mupya, siku ya tisa leo anangojea cheti chake pale boma. Hakigongwi muhuri."

"Kwa nini?"

"Muhuri hauonekani! Ule wenye ndege wa Mudachi. Akida anasema ameupeleka Usumbura kusafishwa. Lakini mashua ya Usumbura haijapita hapa wiki tatu." Akalamba vidole. "Bwana Mkubwa mwenyewe anafika kesho asubuhi kukagua mji. Basi sisi kufagia, sisi kupaka chokaa, sisi zamu juu ya zamu."

"Pole, mwanangu. Lakini leo utapumzika mapema. Ijumaa ikiisha tu, umekwenda zako."

Athumani akacheka kicheko cha uchungu.

"Ijumaa gani, Mama? Yenu ama yangu? Nyinyi mukisikia adhana ya magharibi, Ijumaa yenu imekwisha, munaingia Jumamosi. Mimi Ijumaa yangu iko na mimi mupaka saa sita ya usiku! Ndipo karani anaandika Jumamosi kwenye daftari ya zamu. Siku ya Mudachi haijali jua. Jua linakwenda kulala, siku iko macho."

Ndani ya nyumba, mkono wa Mwasiti ulisimama juu ya kibuyu.

"Rudia hapo, mwanangu."

"Wapi?"

"Hapo pa saa sita."

Athumani akarudia. Mwasiti akasema Alhamdulillahi polepole, kisha akaita juu ya ua:

"Zuwena! Ile Jumanne yako ya kufagia, ulifagia lini?"

"Kumbe unanicheka?" Zuwena alipanda juu kama moshi. "Mimi niko na huzuni yako, wewe unanikumbusha mambo ya magamba!"

"Niambie tu."

"Si unajua! Zamu yangu ya barabara ya sokoni ilikuwa Jumanne. Nikafagia usiku wa Jumanne baada ya magharibi, kama mtu mwenye akili, kuna baridi, hakuna watu. Kulipokucha, Jumanne hiyohiyo mchana, wachuuzi wa Magara wamemwaga magamba ya samaki mikeke barabara nzima. Akida ananiita mbele ya baraza: hukufagia! Namwambia nimefagia usiku wa Jumanne. Ananiambia, 'Ule ulikuwa usiku wa Jumatatu. Katika boma hili, siku ni ya Mdachi.' Siku tatu, dada yangu! Siku tatu nimefagia soko zima, magamba mpaka kwenye nyusi!"

"Na karani aliandika?"

"Karani Radjabu? Yule anaandika hata mtu akipiga chafya."

Basi Mwasiti akacheka. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile, alicheka mpaka akaziba mdomo kwa upande wa nguo.

"Athumani, mwanangu," alisema. "Nenda kwa Bwana Akida. Mwambie Mwasiti binti Hadji anakuja leo hii kuandikwa."

Athumani aliruka kama aliyeachiwa kutoka kifungoni.

Habari ilipofika boma, Akida Alimasi alitabasamu mpaka masikio yakasogea. Feruzi naye akawakusanya watu njiani, kuanzia kisimani hadi barazani, waje washuhudie mjane akivunja eda kwa macho yao.

Ikapita swala ya Ijumaa. Watu wamesimama juani.

Ikapita alasiri. Watu wamekaa chini.

"Anakuja," Feruzi aliwaambia.

"Ulisema hivyo adhuhuri," alijibu mzee mmoja. "Mimi nimeacha nyavu zangu hazijashonwa kwa ajili ya kutazama mwanamke anayetembea?"

Jua likasogea juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Likaikalia. Likazama. Adhana ya magharibi ikapanda, na katika nyumba ya Mwasiti kokwa ya mia moja ishirini na nane ikaanguka ndani ya kibuyu. Tak!

Akaswali. Akaoga. Akavaa doti nyekundu ambayo Nasoro alimletea kutoka Ujiji, akafungua mlango kwa mkono wake mwenyewe. Watu waliokuwa njiani walisimama bila kuambiwa. Zuwena alimfuata nyuma na mtungi kichwani, maana alisema haendi mahali bila silaha.

Walimkuta Akida anakunja mkeka wake wa kuswalia. Karani Radjabu, mwanamume mwembamba mwenye wino hadi puani, alikuwa anafunga kitabu.

"Amahoro, Bwana Akida," alisema Mwasiti. "Nimekuja kuandikwa."

"Amahoro, Bibi Mwasiti. Pole na msiba. Pole na safari pia." Akida alinyoosha ndevu zake kwa raha. "Ila umechelewa. Amri ilisema Ijumaa. Adhana imelia, Ijumaa imekwisha."

"Haijaisha."

Akida aliingoja hiyo tangu asubuhi. Aligeukia watu, sauti akaipandisha.

"Mmesikia? Haijaisha, anasema! Basi kama Ijumaa haijaisha, na eda yake haijaisha, naye amesimama hapa mbele ya wanaume na doti nyekundu! Chagua, Bibi. Ama umechelewa, ama umevunja eda. Unataka lipi?"

Feruzi alipiga paja kwa furaha. Watu wakaguna. Zuwena alishika mtungi kwa mikono miwili.

Mwasiti hakupandisha sauti.

"Eda ni ya Mungu, Bwana Akida. Kwa siku za Mungu, Ijumaa imekwisha jua lilipozama, na eda yangu imekwisha nayo. Lakini kisima hukukiandikia amri kwa siku za Mungu. Umeandika tarehe kumi na nne ya mwezi wa sita. Hiyo si ya mwezi tunaouandama sisi. Hiyo ni ya Mdachi. Na ya Mdachi inaisha saa sita ya usiku."

Mzee wa nyavu akasogea mbele asikie vizuri.

"Nani amekuambia upuuzi huo?" Akida aliuliza.

"Wewe!"

Ni Zuwena huyo. Mtungi umekwisha kuwekwa chini, mikono kiunoni.

"Wewe mwenyewe, Bwana Akida, ukikaa juu ya kiti hichohicho! 'Katika boma hili, siku ni ya Mdachi.' Nikafagia siku tatu! Kama usiku wangu haukuwa wa Jumanne, basi usiku huu si wa Jumamosi. Ama nirudishie siku zangu tatu, uje ufagie wewe, na hizo ndevu zitafaa!"

Baraza ikapasuka kwa vicheko. Mzee wa nyavu alicheka hadi akashikwa na kikohozi, ikabidi apigwe mgongoni.

"Radjabu!" Akida alifoka. "Jambo hilo halikuandikwa!"

Maskini Radjabu. Alimwogopa Akida, lakini kitabu alikiogopa zaidi. Akafunua kurasa, akaweka kidole.

"Liko hapa, Bwana Akida. Umetia na dole gumba. Na daftari ya zamu inasema..." Akaivuta karibu. "Askari Athumani, zamu ya Ijumaa, mpaka saa sita ya usiku. Na kesho Bwana Mkubwa atavisoma vitabu vyote viwili."

Akida aliutazama mlango, akamtazama shemeji yake, akautazama mlango tena. Kisha, kama mtu anayemeza mwiba wa samaki mbele ya wageni, akasema:

"Mwandike."

Vigelegele! Zuwena alipiga cha kwanza, na kwa mapafu yale hakukuwa na haja ya cha pili.

"Lakini muhuri," Akida aliongeza haraka, "muhuri haupo. Upo Usumbura."

"Dole gumba linatosha mpaka muhuri urudi," Radjabu alinong'ona. "Ndivyo tulivyofanya kwa soko."

Akamsomea Mwasiti kazi za mtunza wa kisima. Azuie mifugo. Atie mfuniko usiku. "Na siku ya kuandikwa, kabla ndoo ya kwanza haijachotwa, akisafishe kisima mpaka chini, mbele ya mashahidi. Kitakachokutwa ndani, kiwe mnyama, kiwe kitu, mtunza ndiye atakayejibu kwa serikali."

"Nimekubali," alisema Mwasiti, akatia kidole kwenye wino, akakibandika kwenye karatasi.

Alipoinua mkono, aliona kitu. Yeye ni mtu wa kutazama, si wa kusema. Aliona Feruzi amekauka uso.

"Hilo la kusafisha," Akida alisema, na sauti yake imekuwa laini kama ndizi iliyoiva, "halina haraka, Bibi. Umechoka. Safisha wiki ijayo."

Hebu fikirini, wasomaji wangu! Mtu aliyeshikilia amri yake tangu alfajiri mpaka magharibi, sasa anaitupa mwenyewe!

"Hapana, Bwana Akida," Mwasiti alijibu. "Amri ni amri. Wanaume wanataka kutawadha kwa isha, na wanawake wanataka maji ya kupikia. Twende sasa."

Basi msafara ukageuka: Mwasiti mbele, Zuwena na mtungi wake, Radjabu na kitabu kwapani, Athumani na bunduki, Akida na shemeji yake nyuma, na mji mzima nyuma yao. Giza lilikuwa limeshaanza kuingia. Feruzi, bila kuombwa na mtu, alitwaa taa ya boma.

"Nitawamulikia," alisema.

Athumani ndiye aliyeshusha kamba yenye ndoana ya chuma. Mara ya kwanza ikaleta kata iliyovunjika. Ya pili ikaleta ndara ya kushoto, na mzee wa nyavu akapiga kelele, "Yangu hiyo! Tangu Ramadhani!" Watu wakacheka tena.

Ya tatu ikawa nzito.

Athumani akavuta. Kikatoka kifuko cha ngozi, kinachuruzika maji, kimefungwa shingoni kwa kamba. Mwasiti akakipokea, akaifungua kamba ile, akakipindua juu ya kiganja cha Radjabu.

Likaanguka kipande cha shaba chenye mpini wa mti. Radjabu akakigeuza kwenye mwanga wa taa.

Ndege wa Mdachi aliwatazama wote, mabawa wazi.

"Muhuri," Radjabu alisema. "Muhuri wa serikali."

Hakuna aliyecheka sasa. Watu walirudi nyuma hatua moja, mji mzima kwa pamoja, Mwasiti akabaki peke yake kwenye ukingo wa kisima chake.

"Soma, Radjabu," Akida alisema polepole. "Soma lile la mwisho."

Radjabu hakuhitaji kufungua kitabu. "Kitakachokutwa ndani... mtunza ndiye atakayejibu."

"Athumani. Mshike."

Athumani alimtazama mama aliyemlisha muhogo. Machozi yalimlenga. "Mama Mwasiti, nisamehe. Zamu yangu ingali Ijumaa."

"Fanya kazi yako, mwanangu," alisema Mwasiti, lakini mawazo yake hayakuwa kwa Athumani. Yalikuwa kwenye vidole vyake. Ile kamba aliyoifungua bado ilikuwa mkononi mwake, nayo haikulowa sawasawa kama ngozi. Ilikuwa inateleza. Maji yalikuwa yanaikimbia. Akaisogeza puani kidogo, kama anayejifuta jasho.

Mawese. Kamba ilikuwa imeshiba mawese mpaka kwenye nyuzi.

Akainua macho. Akida Alimasi alikuwa amenyoosha mkono. Lakini hakuunyoosha upande wa Radjabu, kwenye muhuri uliopotea siku tisa.

"Nipe hiyo kamba," alisema.

Mwasiti akafunga kiganja.

"Kamba nayo imekutwa kisimani, Bwana Akida. Nimetia dole gumba. Nitaijibia mwenyewe, kesho asubuhi, mbele ya Bwana Mkubwa."

Akida akasogea hatua moja. Zuwena akafungua mdomo apige kelele.

Ndipo taa ikazimika.

Upepo haukuwepo, wasomaji wangu. Hata jani moja la mchikichi halikutikisika. Na taa ile ilikuwa mkononi mwa Feruzi.